Mtu wa Kijivu Chini ya Bimu

Hebu mtazame anavyokuja. Ni Jumamosi asubuhi, chuo kimetulia, na binti huyo anapanda ngazi za jengo la ujenzi mbili mbili, begani amebeba bomba refu la plastiki, utadhani ameitwa kuzibua choo cha mkuu wa chuo. Mlinzi wa mlangoni anamtania, "Dada, leo umekuwa fundi bomba?" Anacheka kwa adabu, ila hasimami. Ukimwangalia vizuri utaona jambo moja. Kila akifika chini ya bimu ya korido, anainua macho. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayempa mkubwa wake shikamoo.

Wenzake wanamwita Milimita. Mwaka wa kwanza alipima meza ya mwalimu mbele ya darasa zima, akamwambia mguu mmoja umepungua milimita tatu, na jina likamganda. Sasa yuko mwaka wa nne. Ndani ya bomba lile alikuwa na ramani za nyumba ambayo haipo tena.

Chuo kilikuwa kimetangaza mashindano ya kubuni majengo kwa kompyuta. Watu watatu watatu, jengo moja lisilozidi ghorofa tatu: mnalichukua kwenye karatasi, mnalijenga upya ndani ya mashine, nguzo kwa nguzo, bomba kwa bomba, mnalitafutia makosa na kuyarekebisha. Mwalimu wao, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, aliwapa fomu. Alikuwa anafanya utafiti wake. Swali la kwanza lilisema: *Ni nini kilichokusukuma kujiunga?* Chini yake palikuwa na vijisanduku vya kuweka alama. Cheti. Ajira. Ujuzi mpya. Marafiki. Zawadi. Mengineyo.

"Mimi ajira," alisema Spika, akaweka alama mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Huyu ni kijana mwenye mdomo, anayeweza kukuuzia mwavuli ndani ya nyumba. "Waamuzi wanatoka kwenye makampuni. Vyeti tunavyo wote, vimejaa kabatini. Mimi nataka waikumbuke sura hii."

"Sura hiyo wataikumbuka hata bila mashindano," alisema Kobe. "Watashindwa kuisahau."

Kobe waliitwa hivyo yeye na kompyuta yake, maana vyote viwili vilichukua muda kuamka. Yeye aliweka alama kwenye ujuzi, kisha akaona haitoshi, akaeleza kwa mdomo. "Darasani tunafundishwa nyumba vipande vipande. Leo nguzo, mwezi ujao bomba, mwaka ujao umeme. Miaka minne sasa, sijawahi kuiona nyumba nzima imekaa pamoja. Humu ndimo nitakamoiona."

"Na wewe Milimita?"

Milimita aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni. "Mengineyo," alisema.

Basi acha nikwambie hayo mengineyo, maana yeye hakuwaambia.

Baba yake alikuwa fundi bomba, tena fundi wa kuaminika. Miaka tisa kabla ya siku hiyo alikuwa kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili, maduka chini na vyumba juu. Ramani ya nguzo na bimu ilichorwa na mtu mmoja, ya mabomba na mwingine, na karatasi hizo mbili hazikuwahi kulazwa juu ya meza moja. Bomba la maji machafu kutoka bafu la juu lilichorwa likienda moja kwa moja hadi ukutani. Njiani palikuwa na bimu, mhimili wa zege unaobeba sakafu ya juu. Baba akachukua tindo na nyundo, akaitoboa bimu, akakata nondo mbili za chini, akapitisha bomba lake. Wiki mbili baadaye matofali yakapangwa kwenye sakafu ya juu. Bimu ikakatika. Chini yake palikuwa na fundi mwashi anapiga lipu, rafiki wa baba tangu ujana wao, mtu ambaye Milimita alimwita Baba Mdogo, mwenye tabia ya kupiga mluzi wimbo nusu na kuuacha.

Alikufa pale pale.

Wakaguzi walikuja, wakakuta kifusi. Nani angelitambua tundu ndani ya kifusi? Wakaandika kwamba zege lilibebeshwa mzigo kabla halijakomaa. Nyumba iliyobaki ikavunjwa, kesi ikaisha.

Ila kwa baba haikuisha. Milimita alikuwa na miaka kumi na minne alipomsikia anamwambia mama mlangoni mwa jiko, mikono ndani ya karai la maji, "Nilikata nondo mbili, mama watoto. Mbili." Tangu siku ile hakushika tindo. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio na pasi. Kitanda chao alikisogeza mpaka kikakaa kando ya mlango, tayari kwa kukimbia, mama akaacha kuuliza. Na wakati mwingine, katikati ya chakula, alinyamaza na kutega sikio. Milimita naye alijifunza kutega sikio. Hakuna aliyesema wanasikiliza nini, lakini wote wawili walijua wimbo wenyewe unaishia wapi.

Ndiyo maana akasomea ujenzi. Ndiyo maana, alipolisikia tangazo la mashindano, moyo ulimruka. Alitaka kitu kimoja tu: mashine imwambie baba kwamba kosa lilikuwa kwenye karatasi. Yeye alifuata ramani, basi. Kama kompyuta ingelisema hilo kwa rangi nyekundu, mbele ya wataalamu, labda mzee angekirudisha kitanda mahali pake.

Ramani zilikuwa juu ya kabati la wazazi, ndani ya bomba lililofunikwa ncha zote mbili. Alipoomba, baba hakugeuka kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifungua.

"Za nini?"

"Mashindano, Baba. Tunajenga nyumba kwenye kompyuta."

"Ushindane na nini humo ndani?" Akalegeza skrubu nyingine. "Haya, chukua. Usinirudishie."

Wenzake aliwaambia ni nyumba ya zamani, ramani zake zimekamilika, basi. Walifurahi. Kobe aliinua nguzo, Spika akaweka milango, madirisha na maneno mengi, Milimita akashika bimu na mabomba. Wiki ya kwanza nyumba ikasimama ndani ya kioo, nyeupe, tupu, safi kuliko nyumba yoyote iliyopata kujengwa. Alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha chini, kwa kusogeza kidole tu, aliacha kusogeza. Alikitambua. Aliwahi kusimama pale akila muwa, Baba Mdogo akimwambia asimchafulie sakafu.

Siku ya tatu ya wiki ya pili alifungua modeli, akakuta mtu ndani.

Alikuwa mtu wa kijivu, hana uso, amesimama chini ya bimu ile ile, mkono mmoja ameuinua kama anayepaka kitu ukutani.

Milimita alimfuta. Akaendelea na kazi. Kesho yake asubuhi mtu yule alikuwa amerudi. Mahali pale pale, mkono juu. Akamfuta tena, akahifadhi kazi, akafunga. Siku iliyofuata alikuwepo.

"Kobe," alisema, akijikaza sauti isipande, "huyu mtu unamweka wewe?"

"Mtu gani?"

"Huyu."

Kobe akasogeza miwani. "Simweki mimi. Wallahi. Mimi hata mlango sijui kuuweka."

Utacheka, lakini siku mbili nzima Milimita hakukubali kukaa peke yake kwenye chumba kile cha kompyuta. Feni ya dari ilikuwa na mlio wake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba, na kila ikizunguka alingoja mluzi. Mwishowe ukweli ukatoka, tena ulikuwa wa kawaida kabisa. Kila mmoja alikuwa na nakala yake ya modeli, na Spika alikuwa akiihifadhi yake juu ya zao bila kuangalia nani amebadilisha nini. Ni kosa ambalo wanafunzi hulifanya kila mwaka, na kila mwaka mwalimu hulikemea.

"Ni mtu wa kipimo tu!" alisema Spika. "Programu inao tele. Unamweka ili waamuzi waone urefu wa chumba. Mtu asipokuwepo chumba kinaonekana kaburi."

"Kwa nini hapo?"

"Mwanga wa dirisha unaangukia hapo, dada yangu. Ningemweka wapi, chooni?"

Milimita alimwacha mtu yule hapo hapo. Lakini kwa nini, kati ya vyumba kumi na viwili, mwanga uangukie hapo?

Kisha ikafika siku ya kutafuta migongano. Ndicho kitu ambacho mashine hujua kuliko mafundi wote: unaziambia zile karatasi mbili zilizonuniana zikae pamoja, nayo inakuonyesha kila mahali zinapoumizana. Kobe akabonyeza. Kompyuta yake ikafikiri, ikafikiri, Spika akaenda kunywa maji akarudi. Ikatoa migongano arobaini na moja. Mlango uliogonga mlango, waya uliopita ndani ya dirisha, mambo ya kuchekesha. Na wa kumi na saba, mwekundu kama kidonda: bomba la maji machafu ndani ya bimu.

Milimita alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Iko kwenye ramani," alisema. "Mnaona? Iko kwenye ramani yenyewe! Mtu aliambiwa apite hapo!" Akawa anacheka na machozi yanamtoka. Wenzake wakatazamana, wakadhani ni uchovu.

"Tulia, bado hatujaurekebisha," alisema Kobe. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema kila mgongano utatuliwe kwa kusogeza kidogo iwezekanavyo. Akalishika bomba, akalivuta nyuma, akalishusha kwenye kona ya ukuta kabla halijaifikia bimu. Sentimita arobaini. Wekundu ukazimika. Hakuna kilichogongana na chochote.

"Hivyo tu?" Spika aliangua kicheko. "Sentimita arobaini! Huyo fundi bomba alikuwa kipofu au alikuwa amelala?"

Milimita aliokota kiti. Jioni ile ndani ya gari la chuo mwanafunzi wa kiti cha nyuma alimwuliza saa, naye akajibu "arobaini."

Sasa fikiria alivyobanwa. Alilolitafuta alilipata, na pembeni yake akapata asilolitafuta. Ramani ilikosea, kweli. Lakini njia ilikuwepo, nyeupe, sentimita arobaini tu kutoka kifo, na fundi yeyote mwenye macho angeiona. Afanye nini? Aliamua kama mtoto anayempenda baba yake. Lile bomba lililosogezwa aliliweka kwenye tabaka lake peke yake, kama karatasi angavu inayoweza kuondolewa, na tabaka hilo akalizima, likabaki lile la zamani na wekundu wake. Kisha akamwalika baba aje kuona.

Mzee alikuja Ijumaa baada ya saa saba, shati limepigwa pasi hadi kwenye mshono, viatu vinang'aa. Spika na Kobe wakasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Kaeni, kaeni. Mimi si mkaguzi."

Milimita alimsogezea kiti. "Baba, nataka uone kitu kimoja tu." Akamwingiza kwenye nyumba polepole, kupitia mlango wa duka, kwenye sakafu ambayo mzee hakuikanyaga miaka tisa. Alimwona akishika ukingo wa meza. Akamwonyesha wekundu. "Unaona? Karatasi ndiyo iliyosema. Bomba lilichorwa ndani ya bimu. Wewe ulifuata kazi ya watu waliosoma. Kosa halikuwa lako, Baba. Mashine yenyewe imesema."

Spika alifungua mdomo. Sasa alikuwa ameelewa, na uso ulimshuka.

Mzee hakuwa akiutazama wekundu. Alikuwa akimtazama mtu wa kijivu.

"Huyu nani?"

"Si mtu, Baba. Ni kipimo tu."

"Mkono ni wenyewe," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Ila alisimama upande ule mwingine. Upande wa dirisha." Akanyoosha kidole chake kinene, kikagusa kioo, kikashuka taratibu kwenye kona ya ukuta, pale pale Kobe alipolishusha bomba. "Na hapa? Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Baba."

"Ndiyo. Hapana kitu." Akatikisa kichwa. "Hapakuwa na kitu siku ile pia. Niliona."

Kobe alisogeza mkono azime kioo, mzee akamzuia kwa upole.

"Yeye ndiye aliyenionyesha. Amesimama na mwiko wake, akaniambia, ndugu yangu, shusha hapa konani, mimi nitakufunikia kwa lipu, hata mwenye nyumba hatajua. Nami wiki ile nilikuwa nimefokewa mbele ya watu kwa kusogeza bomba jingine. Nimebomoa, nimerudia. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia, ramani ndiyo inayosema, wewe piga lipu yako. Akacheka. Wiki mbili zote aliniita Bwana Ramani. Bwana Ramani, umeshiba? Bwana Ramani, leo karatasi inasema mvua itanyesha?" Mzee alitabasamu, na tabasamu lile Milimita hakuweza kulitazama. "Sikuifuata ramani, mama. Nilijificha nyuma yake."

"Mzee," alisema Spika, "nisamehe. Juzi nilisema fundi huyo alikuwa kipofu. Sikujua."

"Hujakosa, mwanangu. Ila kipofu sikuwa. Ndiyo taabu yenyewe."

Kisha akasema neno ambalo Milimita, kwa miaka yake yote ya kupima, hakuwahi kulipima. "Zege lile, unajua alilimwaga nani? Yeye na watu wake. Walipoandika kwamba zege halikukomaa, waliandika jina lake bila kulitaja. Mpaka mke wake akahama mtaa, kwa maneno ya watu kwamba mumewe alijiua kwa haraka zake. Zege lake lilikuwa zuri. Nililitoboa mimi, nilijua. Tindo lilikuwa linaruka kwa ugumu wake."

Milimita alikaa. Miaka tisa alikuwa akitafuta namna ya kumtoa baba yake chini ya ile bimu. Hakuwahi kujiuliza nani mwingine alikuwa bado amelala chini yake.

Aliliwasha lile tabaka, bomba la kona likatokea. "Nilikuwa nimelificha," alisema.

"Najua," alisema baba. "Wewe ni binti yangu."

Waliituma kazi Jumatatu kama ilivyo, bomba bovu na bomba zuri pamoja, na maelezo yaliyoandikwa na Milimita kwa sentensi nne: ramani ilikosea, fundi mwashi aliona, fundi bomba hakusikia, zege lilikuwa limekomaa. Spika, mwenye maneno elfu, alizisoma mbele ya waamuzi bila kuongeza hata moja. Wakawa wa nne. Kampuni moja ilimwomba Kobe namba yake ya simu, Spika akamnunia hadi chakula cha mchana. Mwalimu mwenye miwani ya kamba alidai fomu yake, Milimita akamrudishia ikiwa na alama kwenye *Mengineyo* na nafasi ya maelezo tupu. Mwalimu aliitazama, akamtazama yeye, akaipokea.

Na mzee? Jumapili iliyofuata alimwomba binti yake achapishe karatasi moja tu, ile yenye mabomba yote mawili. Ilimchukua mama siku tatu kuulizia mahali alipohamia yule mjane: ng'ambo ya mji, kwenye nyumba za vyumba viwili viwili, sauti ya cherehani ikisikika kutoka barabarani. Baba na binti walikwenda kwa miguu. Njiani mzee alirudia maneno yake kama mwanafunzi anayekwenda mtihani: "Shemeji, sikuja kuomba kitu. Shemeji, nimekuja kukuambia ulivyofiwa." Kila mara aliyabadilisha, kila mara yalikuwa mafupi zaidi.

Walibisha hodi. Cherehani ikanyamaza.

Pazia la dirishani likasogea kidogo. Milimita aliuona uso wa mwanamke, umekonda kuliko alivyoukumbuka, ukimtazama baba yake kuanzia viatu hadi nywele nyeupe, kisha ukitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa binti. Uso ule haukuwa na chuki, wala haukusema karibu. Pazia likarudi. Nyayo zikaja hadi nyuma ya mlango, zikasimama hapo, na kitasa hakikugeuka.

"Shemeji," mzee aliuambia mlango, "zege lake lilikuwa zuri."

Wakangoja.

Nawe msomaji wangu, uliyefika nami hadi kwenye kizingiti hiki: kama ungekuwa wewe nyuma ya mlango ule, na miaka tisa umebeba mzigo usio wako, ungefungua?